Majani Manne kwa Posta ya Zamani

Nyumbani,
Jumapili asubuhi.

Kwako mwanangu Chiriku,

Pokea salamu zangu nyingi, zile za mama kwa binti yake aliye mbali. Natumaini barua hii itakukuta mzima, unakula vizuri na unalala mapema, ingawa hilo la kulala nalitaja kwa imani tu, maana nakujua. Sisi huku hatujambo. Goti langu la kushoto limeacha kunisumbua tangu nianze kupanda ngazi za majengo ya watu, jambo ambalo daktari wangu amekataa katakata kuliamini. Shangazi yako ni mzima, anakusalimu, na bado anamwambia kila anayemtembelea kwamba wewe ndiye unayeiendesha hospitali nzima huko uliko. Nimejaribu kumweleza kwamba wewe ni mfamasia. Anasema ni kitu kilekile.

Utajiuliza kwa nini nimeandika barua wakati simu ipo. Nimeandika kwa sababu kwenye simu hujawahi kuniacha nimalize sentensi, na habari nilizonazo safari hii zataka kusikilizwa zote, kwa mpangilio wake. Kwa hiyo jipikie chai, uketi.

Mwanangu, tumeshinda. Alhamisi iliyopita baraza la mipango ya jiji liliupitisha mfumo wetu. Kuanzia mwaka ujao hakuna jengo jipya la umma litakalopewa hati ya mwisho, wala mtu hataruhusiwa kulitangaza jengo lake kuwa rafiki kwa mazingira, kabla halijapimwa kwa kipimo chetu. Nimeandika hilo neno "chetu" nikarudi kulisoma tena. Mama yako, aliyekuwa akirudi nyumbani miaka yote hiyo akinung'unika kwamba kazi yake ni kugonga mihuri kwenye michoro ya watu wengine, safari hii ametunga kitu.

Unakumbuka mkurugenzi aliponikabidhi ile kamati. Alisema amenichagua mimi kuwa mwenyekiti kwa kuwa sijawahi kugombana na mtu idarani. Nilichukulia kuwa ni sifa. Kazi yenyewe, kwa maneno mepesi, ilikuwa hii: siku hizi kila anayejenga anabandika bango lenye picha ya mti na kusema jengo lake ni rafiki kwa mazingira, lakini hapakuwa na njia ya kumwambia ni rafiki kiasi gani, au ni rafiki wa mdomoni tu. Tulitakiwa kutunga vigezo, tukipe kila kigezo uzito wake, tujumlishe, kisha jengo lipewe daraja. Umeme linaotumia, maji, vifaa vilivyolijenga, hewa na mwanga ndani yake, taka zake zinakwenda wapi. Ukiyasikia hivyo unadhani ni kazi ya wiki mbili. Mimi pia nilidhani hivyo.

Wajumbe walikuwa kadhaa, ila nitakuchosha nikiwataja wote. Nitakutajia mmoja, maana ndiye aliyenipotezea usingizi. Ni mhandisi wa mabomba, mtu mzima wa rika langu, mrefu, mwenye sauti ya kutuliza kelele. Aliletwa na chama cha makandarasi, na kila mtu alijua kwamba wamemleta atie mchanga kwenye pilau yetu. Neno lake la kwanza siku ya kwanza lilikuwa "hapana", na la pili, na la tatu. Mpaka chai inaletwa vijana walikuwa wameshampa jina la Bwana Hapana, na yeye alipolisikia alisema hapana, hana neno nalo.

Tukagombana juu ya kila kitu. Mimi nilitaka madaraja yaonyeshwe kwa nyota. Akasema nyota ni za mahoteli, watu watakuja kuuliza bei ya chumba. Akatokea mjumbe mwingine kupendekeza majani, moja hadi matano, na wote tukakubali isipokuwa yeye, aliyesema kwamba hata mbuzi angetaka kwanza kujua ni majani ya nini. Tulicheka, lakini mimi nilicheka kwa shida. Nilikuwa nikirudi nyumbani kichwa kinagonga, namsimulia shangazi yako ubaya wa huyo bwana tangu mlangoni. Shangazi yako aliwahi kuniambia kwamba mtu akimtaja adui yake kila siku hivyo, huyo adui angefaa kulipa kodi ya nyumba.

Hata hivyo tukafika. Rasimu ya kwanza ikakamilika, na jengo la kwanza kujitokeza kupimwa likawa lile ghorofa refu la vioo karibu na mzunguko wa barabara kuu, ambalo hukuliona kwa sababu liliisha baada ya wewe kuondoka. Watu wanaliita Kioo. Mwenyewe ni mfanyabiashara mnene wa sauti na wa mwili, na alituletea kila karatasi tuliyoomba. Paneli za jua juu ya paa, zipo. Tangi la kuvunia maji ya mvua, lipo, tena kubwa kuliko yote jijini. Mabomba yanayojifunga yenyewe, taa zinazojizima zenyewe, mashine za kupoza hewa za kisasa kabisa. Tuliketi ofisini na ile michoro, tukatia vema kila mahali. Majumlisho yalipotoka, Kioo likapata majani matano. Mkurugenzi kwa furaha yake akawaambia waandishi wa habari kabla hata hatujatia saini, na siku ya kukabidhi kibao ikapangwa.

Baadaye ndipo nilipoelewa kwa nini mwenye ghorofa alikuwa na haraka ya kupimwa wa kwanza. Alikuwa akikitaka kiwanja cha posta ya zamani, lile jengo la kuta nene na varanda pana ulikokuwa ukinisindikiza kuchukua vifurushi. Alitaka libomolewe ainue Kioo la pili, na maombi yake yalikuwa yamekwisha kupelekwa barazani, sababu ya kwanza ikiwa ni kwamba jengo chakavu litapisha jengo la majani matano.

Sasa sikia jinsi Mungu anavyopanga mambo. Miwani yangu ya kusomea ilivunjika mkono mmoja, na daktari wa macho ninayemtegemea amehamia Kioo. Nikaenda, ikiwa ni mara yangu ya kwanza kuingia mle ndani. Naona aibu kuiandika sentensi hiyo, lakini ndiyo kweli: tulilipatia majani matano jengo ambalo mwenyekiti hakuwahi kulikanyaga. Nilipofika pale juu nikamkuta dada wa mapokezi amevaa sweta na kujifunga mtandio shingoni, meno yanagongana. Chumba cha pili, upande wa machweo, daktari mwenyewe anajipepea na faili, jasho linamchuruzika. Walikuwa wamebandika manila na magazeti ya zamani kwenye vioo kuzuia jua, na kwa kuwa magazeti yamezuia jua, taa zote zilikuwa zinawaka, mchana kweupe. Nikauliza kwa nini hawafungui dirisha. Daktari akanitazama kama mtu aliyemwomba afungue ukuta. Madirisha ya Kioo hayafunguki.

Nililipia miwani yangu nikashuka bila kuivaa. Sikutaka kuona zaidi.

Kesho yake niliwaomba wajumbe twende tukalikague lile jengo kwa miguu yetu. Kila mmoja akawa na udhuru, kwa kuwa sherehe ilikuwa imekaribia na hakuna aliyetaka kuwa mchawi wa harusi. Aliyekubali alikuwa mmoja tu, Bwana Hapana. Nilijua kwa nini. Nilijua anakwenda kujichotea silaha, kwamba akishaona niliyoyaona mimi, mfumo wetu umekwisha. Lakini peke yangu nisingeruhusiwa hata kufika paa, ilihitajika saini ya wajumbe wawili. Nikapiga moyo konde.

Tukapanda. Paneli za jua zilikuwa zimefunikwa na vumbi zito hata mtu angeweza kuandika jina lake juu yake kwa kidole, na nusu yake ilikuwa kivulini mwa bango la biashara lililosimikwa baadaye. Kisha tukafika kwenye tangi. Yule bwana akalizunguka mara moja, akainama, akapapasa chini, akainuka. Akalipiga kwa funguo zake. Likalia kama ngoma. Lile tangi, mwanangu, halikuwa na bomba la kuingiza wala la kutoa. Liliinuliwa na winchi, likawekwa, likapigwa picha, basi.

Alinigeukia. Nikangoja anicheke. Akasema, kwa sauti ya chini ambayo sikujua kama anayo, "Mama mwenyekiti, tumelipatia maksi hewa."

Sijui ni nini kilinipata, labda ni uchovu. Nilianza kucheka, naye akaanza, tukacheka juu ya paa la watu mpaka mlinzi akaja kutazama kama tuna matatizo. Tukashuka ngazi. Nilikuwa nimeshaanza kutunga barua ya kujiuzulu kichwani.

Mkutano uliofuata ulikuwa mgumu. Mkurugenzi, ambaye si mtu mbaya ila anaogopa magazeti, alishauri tukabidhi kibao hivyo hivyo na kuurekebisha mfumo mwakani, kimyakimya. Mimi nikasema kibao hakitoki. Kama tungelipatia tangi lisilo na bomba majani matano, bora tuuze majani sokoni. Nilizungumza kwa ukali ambao hata mimi ulinishangaza. Yule mwenyekiti asiyewahi kugombana na mtu hakuwapo chumbani siku hiyo. Ndipo mwakilishi wa makandarasi aliyekuja kama msikilizaji akasimama na kusema kwamba basi imethibitika mfumo haufai, uzikwe, kila mtu ajenge anavyojua, na akamgeukia mtu wao ili aunge mkono.

"Hapana," akasema Bwana Hapana. "Mfumo haukukosea. Tuliokosea ni sisi tuliopima karatasi tukidhani ni jengo. Nipeni miezi sita na huyu mama."

Chama chake kilimwondoa wiki ileile. Mkurugenzi, kwa mara ya kwanza maishani mwake bila kuuliza juu, akamrudisha kama mtaalamu wa idara. Na hapo, Chiriku, ndipo kazi ya kweli ilipoanza.

Tuliamua kwamba hakuna jengo litakalopata hata jani moja kabla halijaishi mwaka mzima na watu ndani yake. Tutasoma ankara za umeme na maji, si michoro. Tutawauliza wanaofanya kazi humo kama wanapata baridi, joto, usingizi au kichwa kuuma. Na anayebomoa jengo zima ili ajenge jipya atahesabiwa ule ubomoaji pia, kwa sababu moto uliochoma tofali na saruji ya jengo la zamani utakuwa umepotea bure, na mpya zitataka kuchomwa tena. Hili la mwisho lilikuwa lake. Nilimuuliza mtu aliyeletwa na makandarasi analitoa wapi wazo kama hilo, akasema ameshiriki kubomoa majengo mengi mazuri maishani mwake na amechoka.

Halafu likaja zoezi lililotutoa jasho. Tuliwagawa wapimaji wetu makundi mawili, wakapime jengo moja bila kuzungumza, tuone kama watarudi na jibu moja. Hawakurudi na jibu moja. Kigezo cha "mwanga wa kutosha" kundi moja lilikipa maksi zote, jingine likakipa sifuri, na kila kundi lilikuwa tayari kuapa. Tukakaa juu ya sentensi ile siku nzima. Mwisho tukaiandika hivi: mtu aliyeketi mezani pake aweze kusoma gazeti mchana bila kuwasha taa. Wakarudi, wakachukua gazeti moja, wakaketi kwenye meza zilezile, wakakubaliana. Sijui kama unaweza kuelewa furaha ya kitu kama hicho. Nilirudi nyumbani nikiimba, shangazi yako akauliza nimepandishwa cheo. Tukafanya vivyo hivyo kwa kila kigezo, na vingine vilikufa mikononi mwetu kwa sababu havikuwa na maana yoyote ila kupendeza kwenye karatasi.

Tulipomaliza tukapima majengo kadhaa ya jiji, likiwamo Kioo, lililokuwa limeshatimiza mwaka, na likiwamo jengo la posta ya zamani ambalo hakuna aliyeomba lipimwe. Kioo likapata jani moja, nalo lilitokana na yale mabomba yanayojifunga. Mwenyewe alikuja ofisini kwangu na wakili wake, akasema maneno ambayo siwezi kuyaandika kwa binti yangu. Nilimsikiliza mpaka akamaliza, kisha nikamwuliza kama amewahi kupanda kuliona tangi lake. Hakuwahi. Akaondoka bila kuaga, wakili akarudi kuchukua mwavuli.

Posta ikapata majani manne. Zile kuta nene zinakaa baridi mpaka alasiri, varanda inazuia jua, madirisha marefu yanafunguka pande zote mbili na upepo unapita katikati kama mtu mwenye ufunguo. Wanaofanya kazi mle walitushangaa tulipowauliza kama wanaumwa kichwa. Mimi nilitaka kulipatia la tano kwa mapenzi tu, kwa ajili ya vile vifurushi vyetu, lakini mhandisi wa mabomba aligundua bomba la uani linavuja na hakuna maneno yaliyomlainisha. Mpaka leo, katika jiji zima hakuna jengo lenye majani matano, na nadhani ni vizuri hivyo.

Ndiyo tukafika Alhamisi. Ukumbi wa baraza ulijaa mpaka watu wakasimama ukutani. Nilizungumza, mwanangu, bila karatasi. Niliwaeleza juu ya sweta na jasho kwenye ghorofa moja, juu ya tangi, juu ya gazeti na meza. Nikawaambia kwamba hatuwaombi wapende miti, tunawaomba wasidanganywe. Nilipoketi, mwenye Kioo akanyoosha mkono, na watu wakageuka kumtazama, maana kila mtu alijua yaliyopita kati yetu. Mwenyekiti wa baraza akasita, kisha akamruhusu.

Akasimama taratibu. "Mimi bado nina hasira na huyu mama," akasema. "Alinivua nguo mbele ya jiji. Lakini wapangaji wangu walikuwa wanahama na sikujua kwa nini. Nimetoboa madirisha, nimeliunga tangi, lile bango nimeling'oa. Wameacha kuhama. Upitisheni huo mfumo wake, kisha aje anipime tena, na safari hii asiponipa majani matatu tutaonana."

Ukumbi ulivunjika kwa vicheko na makofi. Kura zikapigwa kwa kunyoosha mikono, na nilipotazama sikuona mkono uliobaki chini ila wa mzee mmoja aliyekuwa amelala. Maombi ya kuibomoa posta yaliondolewa na mwombaji mwenyewe kabla kikao hakijafungwa. Mkurugenzi alinikumbatia, akasahau kwamba wapiga picha wapo. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi za ukumbi na viatu nimevishika mkononi, sikujali nani ananiona.

Sasa, binti yangu, nimefika pale nilipokuwa napazunguka tangu ukurasa wa kwanza. Pale kwenye ngazi hakuwapo mwingine ila yule mhandisi, naye alikaa hatua mbili chini yangu. Hatukuzungumza juu ya mfumo. Aliniuliza kama nitakubali awatume wazee wake kwa mjomba wako. Aliuliza hivyo hivyo, bila mapambo, kama mtu anayeuliza bomba lipite wapi.

Nimekubali.

Nimeiandika peke yake ili usiipite. Ni mgane, mke wake alifariki zamani, ana mtoto mmoja wa kiume ambaye ni mwalimu na amekuzidi umri. Mjomba wako ameshaambiwa, akacheka mpaka akakohoa, kisha akafuta macho. Shangazi yako anadai alijua kabla yangu. Wewe ndiye niliyekuwa nakuogopa, kwa kuwa nakumbuka ulivyokuwa ukimfuata baba yako nyuma nyuma mpaka msalani, na nakumbuka ulivyokuwa siku tulipomzika.

Sitaki ufikiri kwamba baba yako ameondolewa. Koti lake bado liko kwenye msumari wake nyuma ya mlango. Huyu bwana aliliona siku alipokuja na michoro, akaniuliza mwenyewe alikuwa mtu wa namna gani. Nilimweleza mpaka chai ikapoa mezani, naye alinisikiliza bila kunikatiza hata mara moja. Nadhani ni siku hiyo moyo wangu ulipohama bila kuniaga. Alipoondoka alilinyoosha lile koti begani, pale lilipokuwa limekunjamana.

Sikuandika kukuomba ruhusa, Chiriku, nimeshakuwa mtu mzima. Ila baraka zako nazitaka, na nikizikosa nitaolewa hivyo hivyo lakini sitacheka vizuri. Kwa miaka mingi nilijihesabu miongoni mwa watu waliokwisha kumaliza mambo yao: nimesoma, nimeolewa, nimekulea, nimezika, nangoja kustaafu. Mwaka huu nimetunga kitu ambacho watu watakitumia mimi nikiwa kaburini, na kuna mtu anayenisubiri jioni tugombane. Sijamaliza, mwanangu. Nilikuwa nimepumzika tu.

Unisalimie marafiki zako wote huko, hasa yule jirani aliyekuuguza ulipopata homa; mwambie mama yako anamshukuru. Ukiweza kupata likizo, njoo. Chumba chako kipo kama ulivyokiacha, dirisha lake linafunguka.

Ni mimi, nikupendaye siku zote,

Mama yako.